Sweta katika joto la Februari: kumwelewa kijana anayejidhuru

Mama alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akasema maneno ambayo nadhani aliyapanga njia nzima ndani ya daladala: "Mwalimu, mwanangu anajikata. Niambie tu, hili ni shetani gani?"

Binti yake alikuwa kidato cha pili. Kwa wiki kadhaa alikuwa hatoki ndani ya sweta la shule, hata nyumbani, hata Jumapili, na hapa ni Tanga, Februari, mwezi ambao watu wanalala madirisha wazi na bado wanaamka wamelowa jasho. Mama alidhani ni homa, baadaye akahofia mimba. Siku alipomlazimisha avue, akauona mkono. Jioni baba akapewa habari, naye akachukua mkanda.

Nimekuwa mwalimu wa malezi na ushauri kwa miaka 14. Kisa hiki nimekigeuza hapa na pale ili familia isitambulike, ila kiini chake nimekutana nacho mara nyingi: mtoto anaumia moyoni, mwili unaonyesha, na mtu mzima wa kwanza kuona anahangaika na mwili. Naandika kwa ajili ya huyo mtu mzima wa kwanza. Anaweza kuwa mama, matroni, shangazi, ustadhi wa madrasa au kaka mkubwa. Maneno yake ya dakika tano za mwanzo yana uzito mkubwa: yanaweza kumfungua mtoto mdomo, na yanaweza kumfundisha kuficha vizuri zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Kujidhuru ni kuumiza mwili wako mwenyewe kwa makusudi. Ndani ya neno hilo wamo watu wa aina mbili ambao kwa macho wanafanana. Yuko anayejiumiza akitaka kufa. Yuko pia anayejiumiza kwa sababu anataka dakika hii ipite, na kufa hakumo kabisa katika mawazo yake. Wengi wa watoto wanaoletwa kwangu ni wa kundi la pili, na wazazi wao wote wamekuja wakiamini ni la kwanza. Mwaka 2013, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hukitumia kupambanua maradhi kiliitaja hali hii ya pili peke yake, kama jambo linalostahili kuchunguzwa zaidi, badala ya kuiacha imejificha ndani ya maradhi mengine.

Si jambo la nadra. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha tafiti za nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba karibu 17% ya vijana wa rika la kubalehe wamewahi kujiumiza bila nia ya kufa, angalau mara moja. Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14, umri wa mtoto anayemaliza darasa la saba na kuingia sekondari. Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu wangesoma pia utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana uliotolewa Kenya mwaka 2022: katika watoto wa miaka 10 hadi 17, asilimia 44.3 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Hawa ni watoto wetu, wanaokula ugali wetu na kulala chini ya vyandarua vyetu.

Sasa swali ambalo kila mzazi ananiuliza, na ambalo ndilo gumu kuliko yote: kwa nini mtu ajiumize ili apate nafuu?

Fikiria mtoto ambaye moyo wake umejaa mpaka unamwagika. Kifua kinabana, mawazo yanazunguka kama feni, anataka kulia na machozi hayaji, anataka kusema na hajui aanzie wapi wala kwa nani. Mwili unapopata maumivu, akili yote inakimbilia hapo. Kwa kitambo kile kidogo yale mengine yananyamaza. Kisha maumivu ya mwili yanapoanza kupungua, ile dhiki ya moyoni nayo hupungua pamoja nayo, kwa sababu ndani ya ubongo njia za maumivu ya mwili na za maumivu ya moyo zinaingiliana kwa kiasi fulani. Wapo pia wanaoeleza kinyume chake: hawahisi kitu, wamekufa ganzi, na maumivu ndiyo yanawathibitishia kwamba bado wapo. Wengine wanajiadhibu. Mvulana mmoja aliyekuwa akipiga ukuta kwa ngumi aliniambia, "Mwalimu, nilitaka nione ninavyostahili." Wavulana, kwa njia, wanatupita mbele ya macho kila siku. Msichana akijiumiza tunaona ugonjwa, mvulana akivunja vidole vyake ukutani tunaona hasira za ujana na kumpa adhabu ya kufyeka.

Nafuu hiyo ni mkopo wa riba kubwa. Inadumu dakika chache, halafu inakuja aibu, na aibu inazaa dhiki mpya, na dhiki mpya inatafuta ile njia iliyozoeleka. Kila mzunguko unaimarisha uliotangulia, na kadiri siku zinavyopita hatari ya kuumia vibaya huongezeka. Juu ya hayo, ubongo wa kijana bado unajengwa. Sehemu ya mbele, ile inayotuambia "subiri kwanza, hili litapita", hukomaa katikati ya miaka ya ishirini, wakati sehemu zinazowasha hofu na hasira zimeshapamba moto. Mtoto wa miaka 14 anapokwambia hakuweza kujizuia, hakudanganyi.

Kilichojaza moyo ndicho cha kutafutwa, na hakifanani kwa watoto wawili. Kuna waliofiwa na kuambiwa wajikaze. Kuna wanaonyanyaswa na wenzao bwenini, au kwenye makundi ya simu ambayo mzazi hajui yapo. Kuna wanaoishi katikati ya ndoa inayovunjika, wakitumwa maneno kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kuna sonona. Kuna ambao wastani wa mtihani umekuwa ndio jina lao nyumbani. Na kuna, naliandika hili kwa uzito wote, watoto wanaofanyiwa ukatili wa kingono na mtu anayeheshimika katika ukoo. Ukigundua hilo, jambo limetoka mikononi mwa familia: linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Kulimaliza kwa kikao cha wazee ni kumrudisha mtoto motoni.

Kuna neno ambalo nalisikia hata kwa walimu wenzangu: "Anatafuta kiki." Yaani anataka aonekane. Ukweli ni kwamba wengi wanajitahidi mno wasionekane, na ndiyo maana ya lile sweta. Lakini tuseme yupo ambaye kweli anataka aonekane. Mtoto aliyefika mahali pa kuutumia mwili wake kuomba aangaliwe, ameshajaribu njia ngapi nyepesi zikashindikana? Anayehitaji kuangaliwa kiasi hicho, basi aangaliwe.

Na kifo je? Hapa lazima tushike mambo mawili kwa pamoja. Kujiumiza bila nia ya kufa si jaribio la kujiua, na walio wengi kati ya vijana hawa hawatajiua. Papo hapo, kijana anayejiumiza, hasa mara kwa mara, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuja kujaribu kujiua kuliko mwenzake asiyejiumiza, na nia inaweza kubadilika kutoka wiki moja hadi nyingine. Kwa hiyo hatukisii, tunauliza, na tunauliza kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kufa? Umefikiria kujiua?"

Najua maneno hayo yanavyokwama kooni. Tumelelewa tukiamini kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 katika shule sita za sekondari za jimbo la New York. Nusu waliulizwa juu ya kujiua, nusu hawakuulizwa. Walioulizwa hawakuzidi wenzao kwa dhiki wala kwa mawazo ya kufa. Tena wale waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu kujiua, walipoulizwa walionekana kupungukiwa na dhiki kidogo. Nami nimeona uso wa mtoto unavyolegea anapogundua kwamba lile neno lake la siri, mtu mwingine ameweza kulitamka bila kupiga kelele.

Jibu likiwa ndiyo, au akishindwa kujibu, usimwache peke yake usiku huo. Dawa za nyumbani zote, za shinikizo la damu za bibi zikiwemo, na sumu za shambani na za panya zifungiwe kwa ufunguo au zitoke kabisa nyumbani. Hatua hiyo inaokoa watu, kwa sababu wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi. Kisha hospitali, usiku huohuo kama amesema ana mpango.

Turudi kwenye zile dakika tano. Umeona. Moyo unakudunda, unataka kupiga mayowe, unataka kumkumbatia, unataka kumzaba kibao, yote kwa mara moja. Pumua. Kama kuna jeraha, lishughulikie kwanza kama ambavyo ungeshughulikia jeraha la mtoto aliyeanguka na baiskeli: maji safi, kitambaa safi, kituo cha afya kama ni kubwa. Mikono yako itazungumza kabla yako. Halafu sema maneno machache. "Nimeona. Sijakasirika. Naona una mzigo mkubwa na umeubeba peke yako." Nyamaza. Ukimya utakuwa mrefu, uache urefuke. Kuuliza "kwa nini umefanya hivi?" hakumsaidii, kwani hata yeye mara nyingi hajui, na kwa masikio ya mtoto "kwa nini" ni mwanzo wa kesi. Uliza "ilikuwaje siku ile?" au "huwa inakujia wakati gani?" Hayo anaweza kuyajibu.

Yapo ninayoomba yasisemwe kabisa. "Unataka kuniua kwa presha." "Wenzako hawana hata chakula." "Utaolewa na nani na makovu hayo?" Hili la mwisho nimelisikia kwa mama mpole kabisa, likitoka kwa uchungu wa mapenzi, na binti hakuongea naye kwa mwezi mzima. Mkanda nao unafanya kazi ileile ambayo mtoto alikuwa akiifanya mwenyewe: unamthibitishia kwamba mwili wake ni wa kuadhibiwa.

Kosa nililolifanya mimi ni la namna nyingine, na ningependa lisirudiwe. Miaka yangu ya mwanzo, nilimwandikisha mwanafunzi karatasi ya ahadi. "Sitarudia tena", jina, tarehe, saini. Nikaiweka kwenye faili nikiwa nimeridhika. Baada ya miezi miwili matroni akaniambia kwamba hali ya yule msichana ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nilipomuuliza mbona hakuja kwangu, alijibu, "Nilishasaini, mwalimu." Karatasi yangu ilikuwa imemfungia mlango pekee uliokuwa wazi. Kujiumiza kulikuwa dawa mbaya aliyoipata kwa ugonjwa wa kweli, nami nilimnyang'anya dawa nikauacha ugonjwa. Tangu siku hiyo sichukui ahadi ya kuacha. Naomba jambo moja tu: ikikujia, nitafute, au mtafute fulani, kabla au hata baada.

Kazi inayobaki ni ya taratibu, ya kumpa dawa nyingine kidogo kidogo. Tunakaa na kuandika kwenye karatasi ndogo anayoweza kuibeba: dalili zangu za kwanza ni zipi, nitafanya nini kwa robo saa ya mwanzo, nitamwita nani, na huyo asipopatikana, nani tena. Kunawa uso kwa maji ya baridi, kutembea kwa kasi kuzunguka uwanja, kukaa mahali penye watu, kuandika kisha kuchana. Ni vitu vidogo, na havifanyi kazi kila mara. Vinachofanya ni kulipa lile wimbi nafasi ya kushuka.

Shuleni kuna jambo la peke yake, hasa shule za bweni. Tabia hii huweza kuambukizana ndani ya kundi la marafiki, kwa jinsi vijana wanavyoigana wakiwa katika dhiki moja. Mwitikio wa kwanza wa shule nyingi ni msako wa mabwenini na kutangaza mstarini, mbele ya wanafunzi 600, kwamba "kuna wasichana wanajikata na tutawafukuza". Tangazo hilo linawaaibisha waliomo na kuwaonyesha njia ambao hawakuwemo. Zungumza na mmoja mmoja, faraghani. Rafiki aliyeleta habari asiitwe mmbea, kwani amefanya jambo la kishujaa, naye ameogopa na anahitaji kuketi na mtu mzima. Viboko havina nafasi hapa. Kenya ilivipiga marufuku shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 zinaviruhusu visivyozidi vinne kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na maumivu ya moyoni si utovu wa nidhamu.

Familia nyingi huogopa hospitali kwa sababu zinaogopa polisi. Hofu hiyo ina mizizi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na waliowahi kudaiwa fomu ya polisi ya PF3 wakiwa wameleta majeruhi wanajua jinsi maswali yanavyoanza. Kenya nako kulikuwa na kifungu cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Natamani siku hiyo ifike na kwetu. Lakini mtoto anayejiumiza ili apumue hajajaribu kujiua, na kumwambia daktari hivyo kwa uwazi kunasaidia. Nimekwenda na wazazi mara kadhaa, na mara zote tulirudi na dawa na tarehe ya kurudi. Mficha uchi hazai.

Wapi pa kwenda? Hospitali ya mkoa au ya rufaa, uliza idara ya afya ya akili. Muhimbili, Bugando, KCMC na Mirembe wana wataalamu, na Nairobi kuna Mathari. Namba 116 ni simu ya msaada kwa watoto, bure, Tanzania, Kenya na hata Uganda, na mzazi pia anaweza kuipiga. Na kwa viongozi wa dini: familia zinawafikia ninyi kabla yetu. Yule mama alikuwa ameshampeleka binti kwa sheikh mmoja mtaani kwao. Sheikh akamsomea dua, kisha akauliza kama mtoto analala, kama anakula, kama kuna mtu anamwogopa. Akamwambia mama, "Dua nimesoma, sasa nenda kwa mwalimu wake, na hospitali usiache." Ndivyo alivyofika ofisini kwangu.

Je, wanapona? Katika jimbo la Victoria, Australia, watafiti walifuatilia vijana wapatao 1,800 kutoka ujana wao mpaka walipokaribia miaka 30. Karibu 8% walikuwa wamejidhuru wakiwa wadogo, na walio wengi mno kati yao waliacha kabla ya kufika mwisho wa miaka ya ishirini. Ila vijana waliokuwa na sonona au wasiwasi uliopindukia ndio waliokuwa katika hatari zaidi ya kujidhuru ukubwani, ndiyo maana kungoja tu "atakua ataacha" ni kamari. Moja ya tiba zenye ushahidi mzuri kwa vijana, inayojulikana kwa herufi DBT, ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan. Inamfundisha mtu kuvumilia dhiki bila kuizidisha, na nguzo yake ni mambo mawili yanayoonekana kupigana: nakukubali ulivyo, na nitakusaidia ubadilike. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili mwaka 1961, akiwa na miaka 17, kwa kujidhuru. Huwa nawasimulia watoto habari zake. Wanauliza kama yu hai, kama ana makovu, kama watu walimcheka. Nawajibu kadiri ninavyojua.

Yule binti alianza kliniki mwezi wa Machi. Baba hakuja mara ya kwanza wala ya pili. Mara ya tatu alikuja akakaa nje kwenye benchi saa nzima, kofia mkononi, na walipotoka akamwuliza binti kama ana njaa. Mama alikuwa akinilalamikia kwamba amejaribu kuketi naye uso kwa uso kama nilivyomwambia, na mtoto anatazama sakafu tu. Nikaona nimemwelekeza vibaya. Nikamuuliza ni kazi gani huwa wanaifanya wawili. Akafikiri, akasema zamani walikuwa wakichambua mchele pamoja.

Basi wakaurudisha ungo. Jumamosi jioni, kwenye kibaraza, magoti yakigusana, macho ya wote wawili chini kwenye mchele. Wiki ya kwanza hawakusema kitu. Wiki ya pili binti akataja jina la msichana mmoja wa darasani kwao. Mama aliniambia kwamba alitaka kurukia maswali, akajizuia, akaendelea kutoa mawe, moja moja, mpaka binti akaendelea mwenyewe.